Msumari kwenye kwato: namna ya kumkinga punda na pepopunda

Habari zenu wafugaji wenzangu. Niko Nzega, mkoani Tabora, na huyu hapa ni punda wa kazi: asubuhi anabeba maji, jioni anavuta mkokoteni. Leo tunamkagua mwili mzima, maana hakuna mifugo inayoangushwa na pepopunda kirahisi kama punda na ndugu yake farasi. Hata jina la ugonjwa lina punda ndani yake.

Tuanze na kwato. Simama ubavuni, usimwendee kwa nyuma. Teremsha mkono taratibu mguuni mpaka aunyanyue. Sasa chokonoa matope na mavi yote, ukianzia kisiginoni kwenda mbele. Hivi, mnaona? Bakteria wa pepopunda wanakaa kwenye udongo na samadi, na mbegu zao hudumu humo miaka mingi. Wanachotafuta ni kidonda chembamba, kirefu, kisichoingia hewa. Kwa hiyo katundu ka msumari kaogope kuliko mchubuko mpana unaotoka damu. Hapo ndipo wengi tunawapoteza punda wetu.

Ukikuta msumari, funga mguu kwa kitambaa kinene asizidi kuukanyagia, kisha mwite mtaalamu wa mifugo. Ikibidi uuchomoe mwenyewe, weka alama ulipoingia, tazama umezama kiasi gani na umeelekea wapi, umweleze akifika. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa: nusu lita, kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Oili chafu, majivu, mavi ya ng'ombe, nawaombeni sana, acheni. Mnaziba tundu na kumfungia mdudu ndani.

Kifuani na mgongoni, kamba ya nailoni inakata ngozi. Izungushie blanketi kuukuu la pamba, na ulifue.

Chanjo ipo. Mara ya kwanza ni sindano mbili, zikipishana wiki 4 hadi 6, halafu ya kuongezea nguvu kila mwaka. Usimhasi kabla hajachanjwa. Akiumia naye hana chanjo, muulize daktari siku hiyohiyo kuhusu sindano ya kuzima sumu.

Kitovu cha mtoto wa punda kichovye kwenye dawa ya iodini mara anapozaliwa.

Sasa dalili. Masikio yamesimama, mkia umeinuka, miguu imekakamaa kama ya meza, taya halifunguki, na ngozi ya ndani ya jicho inajitokeza. Mweke penye giza na kimya, kwani kelele humkaza zaidi, na umpigie daktari wa mifugo saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.