Hulka ya kijana na njia anayoingilia kwenye ulevi

Ndugu walimu, wazazi wenzangu, asalaam aleikum na habari za asubuhi.

Kuna swali ambalo wazazi huniuliza karibu kila tunapokutana. Watoto wawili wamelelewa nyumba moja, wamekula chungu kimoja, wamesoma shule moja. Mbona mmoja kaanza bangi akiwa kidato cha pili na mwenzake hata sigara hajaigusa? Jibu letu la haraka ni marafiki wabaya. Marafiki wana nguvu, sikatai. Ila hatuulizi kwa nini huyu aliwatafuta marafiki hao na ndugu yake akawakwepa.

Kule Dunedin, New Zealand, watafiti wamewafuata watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 hadi wakawa watu wazima. Walioonekana kushindwa kujizuia wakiwa wadogo, kati ya miaka 3 na 11, ndio waliokutwa zaidi na utegemezi wa dawa za kulevya, afya dhaifu na matatizo ya fedha walipofika miaka 32. Hali hiyo ilibaki hata baada ya kuzingatia kipato cha wazazi na uwezo wa akili wa mtoto. Lakini hapo hapo walikuta jambo linalonipa moyo: wale ambao uwezo wao wa kujizuia uliongezeka kadiri walivyokua, maisha yao yalikuwa mazuri kuliko utoto wao ulivyoashiria. Kwa hiyo nikisema hulka hutabiri, msisikie kwamba hulka imeshahukumu.

Mwanasaikolojia Patricia Conrod na wenzake wametumia miaka mingi kuchunguza hulka nne hasa. Wana dodoso fupi la maswali 23, ambalo mwanafunzi hulijaza kwa dakika chache. Hulka ya kwanza ni pupa: kijana anatenda kabla hajafikiri, na huyu ndiye mnayemjua kwa sababu jina lake haliishi kwenye daftari la nidhamu. Ya pili ni kupenda msisimko: anataka kitu kipya, kikali, cha hatari, na kwenye pombe ndiye anayekunywa nyingi kwa mkupuo. Hao wawili wanaonekana. Sina haja ya kuwaeleza sana.

Walionileta hapa ni hawa wawili wengine. Kuna kijana aliyekata tamaa. Haamini kwamba kesho itakuwa na jambo jema kwake, anajiona hana thamani. Huyu yuko karibu na sonona, na akinywa anakunywa ili asihisi kitu. Halafu kuna kijana anayeogopa hofu yenyewe. Moyo ukimwenda mbio kabla ya mtihani, anadhani anakufa. Kizunguzungu kidogo, anadhani anapata wazimu. Akigundua siku moja kwamba pombe au kidonge cha usingizi kinautuliza mwili wake, amepata dawa, na dawa hiyo ataitafuta tena. Mara nyingi ni mtoto mpole. Anasali, anafua sare zake, hagombani na mtu. Tunamsifu, tunaendelea na safari zetu, na yeye anabaki na mapigo ya moyo wake.

Sasa fikirini tunachofanya shuleni. Tunakusanya wanafunzi wote kwenye uwanja, tunamleta mgeni, anawaambia unga unaua, bangi inatia uchizi. Mwenye kupenda msisimko amesikia kuna hatari, na hatari ndiyo anayoipenda. Mwenye hofu ametiwa hofu zaidi. Aliyekata tamaa ameambiwa atakufa, na kwake hilo si tishio. Mwenye pupa amesikia yote, amekubali yote, na jioni akipewa atapokea kabla hajakumbuka lolote. Marekani walijaribu njia inayofanana na hiyo kwa kiwango kikubwa sana. Mpango wa D.A.R.E. ulianzia Los Angeles mwaka 1983, polisi wakaingia madarasani kufundisha, na tafiti moja baada ya nyingine zikaonyesha kwamba mpango huo wa awali ulipunguza matumizi kidogo mno au haukuyapunguza kabisa. Nchi tajiri imeshatulipia gharama ya kulijua hilo.

Kilicholeta matokeo London ni kitu kidogo zaidi. Katika shule 21, wanafunzi wa takribani miaka 14 walijaza dodoso. Wale ambao alama zao kwenye hulka fulani zilizidi sana wastani wa shule yao waliitwa kwenye kikundi cha wenye hulka ileile, vikao viwili tu, kila kimoja dakika 90. Walioendesha ni walimu waliopewa mafunzo. Na vikaoni dawa za kulevya hazikuwa mada kuu! Walizungumza kuhusu wao wenyewe: wewe ukikasirika, wazo gani huja kwanza? Moyo ukienda mbio, unajiambia nini? Wakajifunza kulinasa wazo hilo kabla halijawa tendo. Kwa miaka miwili iliyofuata, ulevi kwa vijana hao ulikuwa mdogo kuliko kwa wenzao wa shule zisizopata vikao, na dalili za sonona, wasiwasi na ukorofi zikapungua. Hata wanafunzi ambao hawakuitwa, katika shule hizohizo, walikunywa kidogo zaidi. Baadaye shule 31 za eneo la Montreal, Kanada, zilifuatiliwa kwa miaka mitano, na huko pia vijana wa shule zilizopata vikao walielekea polepole zaidi kwenye utegemezi.

Sisi tumezoea kuanzia mwisho. Nafurahi kwamba Hospitali ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa walionasa kwenye heroini, mwaka 2011, imeokoa watu wetu. Ila anayepanga foleni pale asubuhi alikuwa mwanafunzi wa mtu, na hulka yake ilionekana darasani miaka mingi kabla hajaitwa teja.

Naombeni jambo moja kwa msisitizo. Msiligeuze dodoso kuwa chujio. Majina yasibandikwe, mzazi asiambiwe kwamba mwanawe ni teja mtarajiwa, mkuu wa shule asilitumie kukataa mwanafunzi. Mtoto aliyeambiwa kwamba ameharibika atalishika neno hilo kuliko somo lolote mtakalompa. Vilevile dodoso hilo limeundwa kwa vijana wa huko, kwa hiyo lazima lijaribiwe kwa watoto wetu na kwa lugha yetu kabla halijategemewa.

Na mnapolisubiri, anzeni na mwalimu wa malezi na ushauri nasaha. Shule nyingi zimempa cheo tu, vipindi ni vilevile na meza yake iko katikati ya ofisi ya walimu. Mpunguzieni vipindi. Mpeni chumba chenye mlango unaofungwa. Yule mtoto mpole hataeleza habari za moyo wake mbele ya walimu wanaosahihisha madaftari.