Nani Aliziogopa Kashata za Mama? Mhadhara kwa Wazazi Waswahili wa Columbus, Ohio

Ndugu Mwenyekiti, wazazi wenzangu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie malezi ya watoto wetu katika msimu huu wa kupukutika majani, na walioniomba walijua fika kwamba nitaishia kwenye Halloween, ule usiku wa tarehe 31 Oktoba ambapo watoto wa nchi hii hujigeuza sura na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba vitamu, kwa kuwa kila niliposimama mbele yenu mwezi wa Oktoba nimesema hilo kwa hilo. Sitaanza na asili ya sikukuu yenyewe, wala na taa za tanipu ambazo wahamiaji wa Ireland walipofika nchi hii walizigeuza kuwa taa za maboga, maana hayo watoto wenu wamekwisha kuwasimulia. Nitaanza na sufuria.

Tulifika Athens, kusini-mashariki mwa jimbo hili, mwaka 1973, mimi nikiwa na umri wa miaka saba, marehemu baba akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na mama akiwa hajui Kiingereza zaidi ya salamu. Jirani yetu alikuwa bibi mjane ambaye kila ilipofika wiki ya mwisho ya Oktoba alipika matonge ya bisi kwa ajili ya watoto wa mtaa mzima. Siku moja alimwita mama jikoni kwake, na mimi nikafuata kama mkia. Bibi yule alichemsha sukari na molasi mpaka shira ikawa nzito, akachota tone moja kwa kijiko, akalidondosha katika bakuli la maji baridi, kisha akalibonyeza kwa kidole kuona kama limeshikamana. Mama akacheka kwa sauti, akampiga yule bibi begani, kwa sababu hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake huko Tanga kuipima shira ya kashata. Hawakuwa na lugha moja, lakini shira waliielewa wote wawili. Bisi zikamiminiwa shira, zikageuzwa kwa mwiko, nao wakajipaka siagi viganjani na kuzifinyanga zingali moto, mama akilalamika kwa Kiswahili kwamba anaungua na bibi akimjibu kwa Kiingereza kwamba akaze moyo.

Mwaka uliofuata mama alinunua dukani nazi kavu iliyokunwa ya pakiti, akaichanganya na iliki iliyoletwa na mgeni kutoka nyumbani, akapika kashata, akazikata vipande vya pembe nne na kuvifunga kimoja kimoja katika karatasi ya nta. Watoto walikuja wamejitanda mashuka yaliyotobolewa matundu mawili ya macho, wamejipaka masizi usoni, wamevaa makoti ya babu zao, wakatamka ile kauli yao ya kumtaka mwenye nyumba atoe kitamu ama achezewe shere, na kila mmoja akapewa kashata mbili. Nyumba iliyofuata ilitoa matufaha yaliyochovywa katika karameli, nyingine biskuti za tangawizi, nyingine donati zilizokuwa bado zina joto. Baada ya miaka michache walikuwapo watoto waliopanda kilima kizima ili wafike kwetu kuuliza kama zile za nazi bado zipo.

Msidhani kwamba ninaipaka rangi enzi ile. Mayai yalirushwa madirishani, barakoa za plastiki za dukani zilitutoa jasho na kukatika mpira kabla hatujafika kona ya kwanza, na zilikuwapo nyumba mbili zilizozima taa ya barazani zilipotuona sisi watoto weusi tukikaribia. Nayakumbuka hayo yote. Hata hivyo mlango uliofunguliwa ulifunguliwa na mtu aliyekwisha kukupikia, na jambo hilo mtoto hulijua hata asipofundishwa.

Mwaka 1982 nilikuwa na miaka kumi na sita, nimekwisha kuwa mkubwa wa kutembea na shuka, basi nilikaa nyumbani kumsaidia mama. Mtoto mmoja akapokea kashata zake, akashuka ngazi, na baba yake aliyekuwa akimsubiri njiani na tochi akafungua mfuko, akazichomoa, akazitupa katika pipa la taka lililokuwa pale pale mbele ya nyumba yetu, mama akiwa bado amesimama mlangoni na sinia mkononi. Hakuwa mtu mbaya, kwani alitupungia mkono kwa adabu. Mwaka uliofuata mama alinunua mfuko wa chokoleti za kiwandani, na tangu hapo hakupika kashata mwezi wa Oktoba.

Mnakumbuka kilichotokea mwezi mmoja kabla ya usiku ule: watu saba wa Chicago na vitongoji vyake walikufa baada ya kumeza Tylenol, dawa ya kutuliza maumivu, iliyotiwa sumu ya sayanaidi. Hofu ikatanda nchi nzima, na iko miji iliyowashauri wazazi wasiwatoe watoto kabisa. Sasa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo ninapochoka kurudia. Vidonge vile vilitengenezwa kiwandani, vikafungashwa kiwandani, vikanunuliwa dukani, nasi tukajifunza kutokana na msiba huo kuogopa kashata! Na mkinitajia kile kisa cha Texas cha mwaka 1974, mtoto wa miaka minane aliyekufa kwa peremende usiku wa Halloween, nitawajibu kwamba hata ile ilikuwa peremende ya kiwandani, na aliyeitia sumu alikuwa baba yake mzazi, Ronald O'Bryan, kwa tamaa ya fedha za bima, naye alihukumiwa kifo na kuuawa mwaka 1984. Mwanasosholojia Joel Best amepekua habari za magazeti kuanzia mwaka 1958, akachapisha matokeo mwaka 1985 na kuendelea kuyafuatilia baadaye, na hakupata hata mtoto mmoja aliyethibitika kuuawa au kujeruhiwa vibaya kwa kitu alichopewa na mtu asiyemjua katika kuzunguka nyumba kwa nyumba.

Najua kuna ndugu pale kulia anataka kuniambia kwamba sikukuu hii ni ya mashetani na haituhusu. Anayejizuia kwa imani yake namheshimu, na leo sina mjadala naye. Mama yangu aliswali swala tano, na alipoulizwa na wenzake alijibu kwamba watoto wa Tanga nao hupita nyumba kwa nyumba siku ya Idi wakitafuta mkono wa Idi, na hajaona mtu mzima akiwafungia mlango. Mwingine ataniuliza kama mimi ningemruhusu mjukuu wangu ale chakula cha mtu asiyemjua. La, nisingemruhusu. Ndiyo maana nasema tatizo letu ni kutojuana, nalo haliponi kwa kukagua mifuko kwa tochi. Hoja pekee inayonikalisha kimya ni ya mzio, maana karanga humdhuru kweli mtoto mwenye mzio nazo, lakini anayekujua atakuuliza kwanza, ilhali mfuko wa dukani unataka usome maandishi madogo.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na nilikuwa na maneno kuhusu mavazi yanayonunuliwa yakiwa tayari, na kuhusu watoto wanaogawiwa pipi kutoka kwenye buti za magari katika maegesho ya makanisa. Nitayaacha. Nasema hili tu: jiji hili limezoea kuwapangia watoto muda wa saa mbili za kuzunguka, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku, na muda huo unatosha kabisa kubisha milango kumi ya majirani, mkatajiana majina, kabla mtu hajapika chochote.

Mwaka huu mimi nitapika. Nimekwisha kuwaandikia barua majirani zangu wa pande zote mbili kuwaeleza kilichomo ndani, na mmoja amejibu kwamba ataleta maji ya tufaha yenye mdalasini. Kwa leo, kashata ziko kwenye meza ya nyuma, karibu na mlango. Zilizo katika sinia jekundu zina karanga; zilizo katika sinia jeupe ni nazi tupu na iliki.