Baruti Mnaijua, Tuzungumze Kizibo

Mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumzie ushindiliaji wa gobori la mtutu mpana, na najua swali lililowaleta wengi wenu hapa: nitie baruti kiasi gani? Nitalijibu. Ila mniwie radhi, muda mwingi nitautumia kwenye kizibo, yaani kile kinachokaa kati ya baruti na risasi, maana huko ndiko mapigo mengi yanakoharibikia na watu hawaangalii.

Kwanza zile namba. Gobori la namba 12 ni lile ambalo ratili moja ya madini ya risasi, gramu 454 hivi, hutoa tufe 12 zinazoenea tundu lake barabara. Ndiyo maana namba ikishuka tundu linapanuka: namba 12 ni milimita 18.5, namba 10 ni 19.7, namba 8 ni 21.2. Namba 4, tufe moja tu ni robo ratili. Bega lako lijue hivyo mapema.

Haya, baruti. Kwa marisau, yaani vile vitufe vidogo vya risasi, anza na kipimo kimoja kwa vyote viwili: kijaze baruti umimine, kijaze marisau umimine. Kinacholingana ni ujazo, si uzito. Kwa namba 12 hiyo ni karibu gramu 4.9 za baruti na gramu 32 za marisau. Kwa namba 8, gramu 9 hivi kwa 57. Nasema juu ya mtutu mzima uliokwisha kukaguliwa na fundi wa bunduki, na baruti nyeusi tu. Baruti isiyo na moshi hupasua gobori. Hapo sina mjadala na mtu.

Mtu akiona marisau yametawanyika, mkono wake hukimbilia kuongeza baruti. Matokeo yake yanatawanyika zaidi, mpaka katikati ya shabaha panabaki pengo. Fanya kinyume: punguza baruti.

Sasa kizibo. Juu ya baruti weka kadi ngumu ya milimita 3 hivi, iliyobana. Hiyo ndiyo inayozuia gesi. Ikilegea, moto hupenya pembeni ukayeyusha na kugandamanisha marisau. Juu yake huja kizibo kinene cha nyuzi au sufi, milimita 12 hivi, kilichopakwa nta ya nyuki na mafuta ya mnyama. Msipake oili ya injini, jamani! Ikichanganyika na masizi ya baruti nyeusi huwa kama lami, na utakesha unasugua. Mwisho, juu ya marisau, kadi nyembamba kabisa ya kuyazuia yasimwagike. Ikiwa nene, hutoka imetangulia na kuyasukuma kando.

Kuna kero moja ndogo: unashindilia kadi, nayo inarudi juu taratibu kama ina mkaidi ndani. Ni hewa iliyonaswa. Itoboe kwa sindano kabla ya kuiingiza.

Kizibo kifike mpaka kwenye baruti. Pengo likibaki, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Tia alama mbili kwenye mdeki, ule ufito wa kushindilia, moja ya mtutu mtupu, nyingine ya ulioshindiliwa. Frederick Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyewinda tembo kusini mwa Afrika miaka ya 1870 kwa magobori ya namba 4, siku moja fataki yake, kile kikofia kidogo cha kuwashia baruti, ililia baruti isiwake. Mbeba bunduki akashindilia mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Lilipolipuka, lilimnyanyua Selous likambwaga chini, na kitako kikavunjika. Baadaye aliandika kwamba anajuta kuzitumia bunduki hizo, kwa jinsi mshindo wake ulivyomharibia neva. Alama moja kwenye mdeki ingemwokoa siku ile.

Jaribuni kwenye karatasi: mita 37, duara la sentimita 76, mpige mara kadhaa kabla ya kubadili chochote, na mbadili kitu kimoja tu kwa wakati. Mkimaliza nendeni mkaviokote vizibo. Hutua na cheche, na nyasi kavu hazina subira. Halafu kigeuzeni kila kimoja mkitazame ukingo. Kilichoungua upande mmoja kinakuonyesha gesi ilipopita. Tafuta kipana zaidi.