Jinsi ya Kufundisha Mauaji ya Boston ya 1770 kwa Picha, Ushahidi na Kazi ya Mikono

Karibuni walimu, pamoja nanyi wazazi mnaowafundisha watoto nyumbani. Katika video hii tunaandaa somo la historia ya Marekani kwa watoto wa miaka 10 hadi 12, kuhusu usiku wa tarehe 5 Machi 1770, ambapo askari wa Uingereza waliufyatulia risasi umati wa watu mjini Boston, wakafa watu watano.

Kwanza, pakueni picha iliyochongwa na Paul Revere, sonara wa mjini humo, ambaye alianza kuiuza wiki chache tu baada ya tukio. Inapatikana bila malipo kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Ichapisheni kwenye karatasi kubwa, kwa kuwa vitu vidogo ndivyo vyenye somo.

Wagawieni watoto picha hiyo kabla ya kuwasimulia lolote. Kila mmoja akate tundu la mraba katikati ya kipande cha kadibodi, alitembeze polepole juu ya picha na aandike anachokiona tu, si anachokifikiria. Wataona askari waliojipanga mstari mmoja, afisa aliyesimama nyuma yao akiwa ameinua upanga, na mbwa mdogo aliyetulia huku watu wakianguka. Wasipoyaona maandishi yaliyo juu ya ofisi ya forodha, msiwaharakishe. Ni maneno yanayoliita jengo hilo nyumba ya wachinjaji, na mtoto akiyavumbua mwenyewe hatayasahau.

Sasa sitisheni video, muwaulize watoto swali moja: mchoraji yuko upande wa nani, na ni kitu gani katika picha kinachokuonyesha hivyo?

Hatua inayofuata ndiyo inayobeba somo zima, kwa hiyo itengeeni kipindi kamili. Leteni maelezo ya Kapteni Thomas Preston, afisa yuleyule wa kwenye picha, lakini msiwape watoto waraka wote. Aya mbili zinatosha, zikiwa zimeandikwa upya kwa Kiingereza chepesi, na nakala ya maneno ya asili ikiwa pembeni. Preston anadai kwamba alikuwa amesimama mbele ya midomo ya magobori, mahali ambapo hakuna afisa mwenye akili timamu angetoa amri ya kufyatua, na kwamba umati ulikuwa ukiwarushia askari mipira ya theluji na kuwatishia kwa marungu. Watoto wakiweka maneno hayo kando ya picha, ubishi utaanza wenyewe. Waacheni wabishane, mradi kila anayesema aweke kidole kwenye mstari au kwenye sehemu ya picha anayoitegemea. Wakumbusheni pia kwamba Preston naye alikuwa akijitetea, maana kesi ilikuwa ikimsubiri.

Baada ya hapo waelezeni kwa ufupi yaliyotokea mahakamani. Wakili aliyewatetea askari alikuwa John Adams, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa pili wa Marekani. Preston aliachiwa huru, askari sita nao wakaachiwa, na wawili wakapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, wakapigwa chapa ya moto kwenye kidole gumba. Mtajeni pia Crispus Attucks, mtu mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Amerika, aliyekuwa miongoni mwa waliouawa, kisha waambieni wamtafute kwenye picha. Katika nakala nyingi hawatamwona mtu mweusi hata mmoja, na hilo ni swali jingine la kujadili.

Tukifika kwenye kazi ya mikono, mimi sioni faida ya kuloweka karatasi kwenye chai ili ionekane kuukuu. Muda huo ni bora uende kwenye ushahidi. Kila mtoto achague shahidi mmoja, achore tukio kama shahidi huyo anavyolieleza kwa kukandamiza penseli butu kwenye trei safi ya povu, apake wino kwa rola, kisha alaze karatasi juu yake na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Waonyeni mapema kwamba maandishi yachorwe kinyume, kama yanavyoonekana kwenye kioo, la sivyo yatatoka yamegeuka.

Wino ukikauka, kila mtoto aandike nyuma ya picha yake vitu vitatu alivyovichora, na kando ya kila kimoja aandike sentensi ya ushahidi alikokitoa. Kitu kisicho na sentensi kizungushiwe duara jekundu, na mtoto aeleze kwa nini alikiweka.