Kondomu Si Kielelezo cha Mahakamani

Waheshimiwa mahakimu, maafisa wa polisi na wauguzi wenzangu, walionisikia kwingine watanivumilia nikirudia jambo lile lile, kwa kuwa misako nayo hairudiwi mara haba.

Muuguzi hugawa kondomu bure mchana, na usiku askari huzinyang'anya, ilhali mishahara yao wote wawili hutokana na kodi zetu. Dada mmoja anayejiuza hapa Pwani ya Kenya alisimamishwa Ijumaa saa nne na nusu usiku, mkoba wake ukamwagwa juu ya boneti ya gari, na askari akamulika tochi akihesabu: simu, nauli, leso, kondomu tano. Hizo tano ndizo zilizoandikwa kuwa ushahidi wa kuzurura kwa nia ya ukahaba. Lisiloandikwa ni kwamba nusu saa kabla ya hapo, kondomu ya sita ilikuwa imempasukia.

Dawa za PEP, za kuzuia VVU baada ya hatari kama hiyo, hazina budi kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora, kisha humezwa kwa siku 28. Katiba, katika Ibara ya 49, inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia siku isiyo ya kazi, husubiriwa siku ya mahakama inayofuata. Basi dada huyu alisimama kizimbani Jumatatu, akatozwa faini, akamngoja shoga yake aje kumlipia, na alipotoka saa tisa alasiri, saa 65 zilikuwa zimekwisha kupita. Dozi ya kwanza aliiwahi kwa hisani ya bodaboda. Tangu hapo hubeba kondomu moja tu, ameichomeka ndani ya nywele za kusuka, na wateja wake si mmoja. Hesabu hiyo nawaachia.

Namwona mzee pale nyuma akijiandaa kuniuliza kama nimekuja kuhalalisha zinaa. Mzee wangu, hilo lina mimbari zake. Mimi nauliza kifungu. Vifungu 153 na 154 vya Kanuni ya Adhabu vinawalenga wanaoishi kwa mapato ya ukahaba, na hakuna palipoandikwa kwamba kubeba kondomu ni kosa. Mteja, ambaye hakupekuliwa hata mfuko wa shati, alirudi kwa mkewe usiku ule ule.

Mwaka 2014 jarida la Lancet lilichapisha makadirio kwamba kuuondolea ukahaba adhabu kungezuia asilimia 33 hadi 46 ya maambukizi mapya ya VVU kwa wanawake wanaojiuza na wateja wao katika miaka kumi, na Mombasa ilikuwa mmoja wa miji iliyopigiwa hesabu.

Naoneshwa saa. Kuhusu PrEP, yaani dawa za kujikinga na VVU kabla ya hatari, na sindano ya lenacapavir ya kila miezi sita yenye kazi hiyo hiyo, nitasema tu kwamba hazizuii kaswende wala kisonono, kwa hiyo kondomu bado inahitajika.

Mahakimu, kondomu ikiletwa mezani kama kielelezo, ikataeni. Maafisa wa zamu, mshukiwa akisema amepasukiwa, mpelekeni hospitali usiku huo huo, mengine yangoje. Maswali, tafadhali, na yawe mafupi kuliko hotuba yangu.