Nyuzi Mbili za Chuck Berry

Ndugu wasikilizaji, nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie wapiga gitaa wa mwanzo wa rock and roll na alama waliyowaachia waliokuja baadaye, nami nimeona ni heri nimshike mmoja, Chuck Berry wa St. Louis, Marekani, kuliko kuwataja kumi juu juu. Hoja yangu ni kwamba wafuasi wake walirithi kwa sikio, kutoka kwenye santuri, bila kuviona vidole vyake. Kwa hiyo walichokirithi si kile kile alichokuwa akikipiga.

Tazameni kidole changu cha shahada. Nimekilaza juu ya nyuzi mbili nyembamba kabisa za gitaa hili, halafu nazipiga zote kwa pamoja, na sauti inayotoka inafanana zaidi na tarumbeta mbili kuliko na mtu anayeimba peke yake. Ndivyo unavyoanza wimbo wa "Johnny B. Goode" wa mwaka 1958, kabla Berry hajatamka neno hata moja. Yeye naye alikuwa mrithi. Nyuzi mbili alizisikia kwa T-Bone Walker, mpiga gitaa wa blues, na utangulizi wenyewe unakaribia kuwa ule ule alioupiga Carl Hogan mwaka 1946 katika bendi ya Louis Jordan. Ama ile ridhimu yake inayokwenda na kurudi kwenye nyuzi nene, huo ni mkono wa kushoto wa mpiga piano wa boogie-woogie, yaani blues ya kasi ya kuchezea dansi, uliohamishiwa kwenye gitaa. Kwa miaka mingi alipiga pamoja na mpiga piano Johnnie Johnson, na baadhi ya nyimbo zake maarufu ziko katika funguo za B flati au E flati, ambako wapuliza saksafoni hujisikia nyumbani lakini mpiga gitaa hukosa msaada wa nyuzi zilizo wazi, zisizobanwa na kidole. Kijana aliyejifunza peke yake chumbani alihangaika sana hapo, nami nilihangaika.

Sasa tuvuke bahari. Mwezi Oktoba 1961, katika stesheni ya reli ya Dartford, Uingereza, Keith Richards alikutana na Mick Jagger, ambaye walisoma pamoja utotoni, akiwa amebeba santuri, na miongoni mwake ilikuwamo ya Chuck Berry. Kundi lao, Rolling Stones, lilipotoa santuri yake ya kwanza mwaka 1963, lilichagua wimbo wa Berry, "Come On". Mwaka huo huo George Harrison wa Beatles alirekodi "Roll Over Beethoven". Vijana hawa hawakuwa na mwalimu wa mtindo huu: kazi ilikuwa kuinua sindano ya gramafoni, kuirudisha nyuma na kusikiliza upya, mara nyingi kupita kiasi, mpaka kidole kipate mahali pake.

Kilichopotea njiani ni mdundo. Katika "Johnny B. Goode" gitaa linakwenda sawasawa kama hatua za askari, ilhali ngoma za Fred Below bado zina mbembeo wa jazz, yaani pigo refu likifuatwa na fupi, na utamu wote umo katika kusukumana kwa viwili hivyo. Wafuasi wengi walinyoosha kila kitu. Siliiti hilo kosa, kwa sababu uzito wa rock ya miaka ya 1960 ulitokana kwa sehemu na unyooshaji huo. Ila nikisikia wimbo wa Berry umepigwa umenyooka kama rula, miguu yangu hugoma.

Mwaka 1986 Richards alikwenda St. Louis kuongoza bendi katika onyesho la kuadhimisha miaka 60 ya kuzaliwa kwa Berry. Mazoezi yalipigwa filamu. Walipofika kwenye "Carol", wimbo ambao Richards aliurekodi na kundi lake tangu mwaka 1964, Berry alimsimamisha pale pale mwanzoni: uzi hauvutwi hivyo. Richards akaanza upya, akasimamishwa tena. Miaka 25 baada ya Dartford, kwa mara nyingine alikuwa akirudishwa mwanzo wa wimbo, safari hii na mwenye wimbo badala ya sindano.