Usiku wa Kupuliza: Dereva na Haki Zake Kutoka Barabarani Hadi Kortini

Mhadhara kwa madereva wa matatu, teksi na malori, Mombasa

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, nashukuru mmekuja Jumapili, siku ambayo wengi wenu ndiyo mnapata kulala.

Niliombwa nizungumzie Alcoblow, kile kifaa cha polisi cha kupima pombe kwenye pumzi. Kila ninapoitaja, swali la kwanza huwa lilelile: "Wakili, nikisimamishwa, naweza kukataa kupuliza?" Ngojeni nilijibu sasa hivi tusije tukalibeba mpaka mwisho. Usikatae. Kanuni za kipima pumzi za mwaka 2011 zinampa askari uwezo wa kukutaka upulize, na kukataa bila sababu ya maana ni kosa jingine juu ya lile unaloshukiwa. Haki ya kunyamaza ipo na tutaifikia, lakini hiyo hulinda maneno yako. Pumzi haimo.

Unachoweza ni kuangalia namna unavyopimwa. Askari mwenye sare anatakiwa avae jina lake au namba yake ya kazi mahali panapoonekana, isome, uikariri. Omba mrija mpya, ufunguliwe mbele yako. Omba uoneshwe namba iliyotokea, uandike na saa. Na kama umesukutua kwa dawa ya kinywa, au umekunywa dawa ya kikohozi yenye pombe, sema kabla ya kupuliza, uombe kusubiri robo saa. Pombe iliyobaki mdomoni hukidanganya kifaa, na katika robo saa hivi huwa imepotea. Yaseme haya kwa sauti ya kawaida. Saa saba za usiku askari naye amechoka, na dereva anayefoka huonekana mlevi hata kama amekunywa maji.

Kiwango chenyewe ni mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi. Namba hiyo ina asili yake. Pombe iliyo katika damu hukadiriwa kuwa mara 2,300 ya ile iliyo katika pumzi ya ujazo huohuo. Zidisha 35 kwa 2,300, utapata miligramu 80 na ushei, na kiwango cha damu ni miligramu 80 katika mililita 100. Kwa hiyo kifaa hakioni ulevi. Kinasoma pumzi, halafu hesabu ndiyo inayotupeleka kwenye damu.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye jambo ambalo madereva wengi hawajawahi kuambiwa. Upimaji ulipopamba moto, kuanzia mwishoni mwa 2013, watu walikuwa wakipelekwa kortini kwa namba tu: umepita 35, una hatia. Wafanyabiashara wa baa wa Nairobi wakaenda Mahakama Kuu kupinga, wakashindwa, wakakata rufaa. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikatazama kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki. Kifungu hicho kinasema kosa ni kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kutoweza kulimudu gari sawasawa. Kanuni zilikuwa zimeliacha neno hilo la kulimudu gari, zikashika namba. Mahakama ikaona haviendani. Mimi huwaeleza wateja wangu hivi: kanuni ni mtoto wa sheria, na mtoto hawezi kuleta kosa ambalo mama hakulizaa.

Mahakama haikukataza kifaa, na vipimo vilirudi barabarani. Basi mtu asitoke hapa akasema wakili ametwambia Alcoblow imeharamishwa. Nilichosema ni kwamba ukishtakiwa kwa kifungu cha 44, namba ni ushahidi mmojawapo, na upande wa mashtaka unapaswa kuonesha pia hali yako. Gari lilikuwa likiyumba? Ulipepesuka uliposhuka? Makanga wako na abiria waliokuwamo ni mashahidi. Chukua nambari zao za simu usiku uleule. Na sheria hubadilishwa, kwa hiyo neno la kwanza kumwambia wakili wako liwe hili: nisomee hati ya mashtaka, imetaja kifungu gani?

Sasa umekamatwa, uko kituoni. Haki nyingi hupotea hapa, na hupotea kimyakimya. Ibara ya 49 ya Katiba yetu inasema uelezwe mara moja sababu ya kukamatwa, kwa lugha unayoielewa. Kama ni Kigiriama, ni Kigiriama. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya kuwasiliana na wakili, na na mtu mwingine ambaye msaada wake unauhitaji. Hulazimishwi kukiri chochote. Na ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24.

Saa 24 hizo zina mlango wa nyuma. Zikiishia siku ambayo mahakama haikai, unapelekwa siku ya mahakama inayofuata. Ukikamatwa Ijumaa usiku, unaweza kulala selo mpaka Jumatatu bila mtu kuvunja Katiba. Ndiyo maana dhamana ya polisi ni muhimu kuliko hotuba yoyote utakayompa askari. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamruhusu mkuu wa kituo, OCS, kukuachilia kwa dhamana usubiri siku ya korti, na kosa hili si katika yale mazito yaliyotengwa humo. Iombe. Hakikisha umeandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, uchukue namba yake. Ukiweka fedha taslimu, dai risiti. Fedha hizo ni zako, hurudi kesi ikimalizika ukiwa umetii masharti. Fedha isiyokuwa na risiti ina jina lingine, na Sheria ya Hongo ya 2016 humshika mtoaji na mpokeaji kwa pamoja, hadi miaka 10 jela. Utakuwa umekimbia kosa ambalo adhabu yake haizidi shilingi 100,000 au miaka miwili, au vyote viwili, ukaingia lenye miaka 10.

Naomba niseme jambo la nyumbani. Dada yangu aligongwa akivuka barabara Kikambala, jioni, na dereva aliyekuwa amelewa. Anatembea na gongo mpaka leo. Kesi ilipofika kusikilizwa, karatasi ya kipimo haikuwamo kwenye faili, na askari aliyepima hakuja kutoa ushahidi. Nilikaa benchi la nyuma nikamwona mtu yule akitoka huru. Kwa hiyo ninapowaambia mdai utaratibu, sifundishi walevi kukwepa. Saa iliyoandikwa, namba iliyooneshwa, jina la askari: karatasi ileile inayomlinda dereva asiye na kosa ndiyo ambayo dada yangu aliikosa.

Asubuhi ya korti ndipo ninapoumia zaidi. Watu wametoka selo hawajalala, bosi anapiga simu gari liko wapi, na kuna mtu ukutani anawanong'oneza, "Kubali tu, ulipe faini, uende." Wanakubali wote, hata aliyekunywa chupa moja akapimwa ovyo. Ukikiri kosa, kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinakufungia rufaa juu ya hatia. Unabaki na nafasi ya kulalamikia adhabu peke yake. Na hukumu hiyo inagusa leseni, ambayo kwako ndiyo jembe. Kama una hatia na unaijua, kiri, ni haki yako pia. Kama huna hakika, sema hukubali. Ibara ya 50 inakupa muda wa kujiandaa, ushahidi wote wa mashtaka kabla ya kesi, na mkalimani bila malipo.

Ndiyo, mzee pale nyuma. Anauliza: nimetoka mangweni, kunakouzwa mnazi, saa sita usiku, gari nalichukua saa kumi alfajiri, nimelala katikati, kuna shida?

Tupige hesabu pamoja, mzee wangu. Mwili hupunguza miligramu 15 hivi kwa saa katika kila mililita 100 za damu. Kahawa haiongezi kasi, muguka, yale majani ya kutafuna, hauongezi, kuoga maji baridi hakuongezi. Tuseme umetoka na 160. Ikifika saa kumi zimepita saa nne, zimetoka 60, umebaki na 100. Utafika 80 saa kumi na moja na dakika ishirini, na hata hapo macho na mikono bado havijawa vyako. Safari ya saa kumi mpe mwenzako.